Kelele ya Mlango wa Abiria

Jumatatu, 3 Machi

Mlango wa mbele wa abiria. Kwa-kwa-kwa! Kila shimo, kila tuta. Kelele yenyewe ni ya miaka, lakini jana mwanyumba wangu, huyu aliyemuoa mdogo wa mke wangu, alisema mbele ya watu kwamba akitusikia tunakuja hudhani ni muuza masufuria. Watu wakacheka. Mke wangu naye akacheka!

Gari si letu. Ni la baba mkwe. Macho yake yalipoanza kufifia alituachia, hakutupa. Kadi bado ina jina lake. Na sharti lake liko wazi: likitushinda, linahamia kwa mwanyumba. Jumamosi nampeleka kliniki ya macho. Atakaa kiti kile kile, ubavuni mwa kelele ile ile. Haiwezekani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mke wangu alisema niuache mlango ule, baba hajawahi kutaka uguswe. Sikuuliza kwa nini. Mimi si mtu wa kuulizauliza.

Jumanne, 4 Machi

Nimechoka. Nilifungua kava la ndani la mlango kwa kisu cha jikoni. Kava hilo limeshikwa na klipu, vidude vya plastiki vyenye umbo la uyoga. Unavisukuma kwenye tundu vinang'ata. Kwenye gari jipya ukivuta vinatoka. Kwenye gari hili plastiki imezeeka hadi imekuwa biskuti. Tak! Tak! Tak! Zimepona mbili. Moja iliruka chini ya gari. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nikainama, nikapata oili ya paji zima la uso, nikaipata na klipu. Nayo imevunjika. Basi imepona moja.

Chini kabisa ndani ya mlango nikakuta mchawi mwenyewe: kitana! Cheusi, plastiki ngumu, mpini mnene, meno mawili yamekatika. Ndicho kilichokuwa kikigonga miaka yote. Nikakitia mfukoni. Kelele imekwisha. Na mlango umekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Kwa muuza spea. Alimimina kopo zima la klipu mezani. Nene, fupi, nyingine nadhani ni kifungo cha koti. Ya kwetu hakuna. Alisema ataagiza, nirudi Jumanne ijayo. Akasema pia nisitumie kisu, kuna kifaa chake kama uma, yuko tayari kuniazima. Nikamwambia nina uzoefu. Alitazama kipande nilichomletea, akarudisha kopo lake rafuni.

Jumanne! Baba mkwe anakuja Jumamosi!

Jioni, gundi. Tangazo lake linasema inashika chochote. Kweli. Ilinishika mimi. Nilikaa nimeukumbatia mlango mpaka mke wangu alipokuja na maji moto na sabuni. Hakunigombeza. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo. Kwenye buti kuna klipu zile zile, na nani anatazama buti? Nimezing'oa. Zimevunjika. Sasa zulia la buti nalo limelegea, linaning'inia kama mdomo wa mtu aliyesinzia.

Mwanyumba akatokea. Eti amepita tu kusalimu. Huyu hapiti kusalimu, hupita kupima. Gari lake ni la ukoo mmoja na hili letu, ila changa, na halitoi hata mguno. Alilizunguka letu taratibu, akauliza kama aanze kufagia nafasi ya kuliegesha kwake. Nikacheka kwa meno. Moyoni nilikuwa natukana.

Alipoondoka nikakaa juu ya ndoo. Mgongo unauma, vidole bado vina gundi. Nikajiuliza kwani ningeiacha ile kelele ningekufa? Nikatia mkono mfukoni kutafuta leso.

Kitana!

Plastiki ya zamani. Ngumu. Haina mchezo. Nikaenda jikoni kupasha kisu moto.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu mkubwa. Mpini nimeukata vipande, kila kipande nimekichonga kichwa na shingo. Meno nimeyafagia. Pap! Pap! Pap! Kava limekaa utadhani limezaliwa pale. Nimeendesha juu ya matuta yote ya mtaa, nikarudi nikayapitia tena. Kimya. Kimya kitamu.

Mwanyumba akaja tena kusalimu. Akagonga mlango wa gari, akaweka sikio, akausukuma kwa goti. Hakupata kitu. Aliondoka bila kumaliza chai. Sijafurahi hivi tangu mwaka uanze.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Baba mkwe alikaa mbele, mke wangu nyuma. Nikachagua kwa makusudi barabara mbaya, ile ya mashimo, nisifiwe. Shimo la kwanza, kimya. La pili, kimya. Nikamtupia jicho. Mzee alikuwa ameegemeza sikio kwenye mlango, amekunja uso kama anayeitwa kutoka mbali.

Akauliza: mama yenu yuko wapi?

Nikadhani umri. Mama mkwe tulimzika zamani. Mke wangu akamshika bega, akamwuliza ana maana gani. Ndipo akasimulia, na hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Marehemu alikuwa akichana nywele kwenye kiti kile kila wakitoka, maana nyumbani hamalizi. Siku moja kitana kikamponyoka, kikazama kwenye mwanya wa kioo. Kila siku akamwambia mumewe afungue mlango amtolee kitana chake. Mzee akawa anasema kesho. Kesho, kesho, mpaka akaugua, mpaka akaondoka. Tangu hapo hakutaka mtu aguse. Kila kitana kikigonga, mzee hujibu polepole: kesho, mama watoto.

Shimo jingine. Kimya.

Nilijiona mdogo kuliko klipu. Nyuma mke wangu analia. Mzee akauliza tena kilikokwenda. Nikamwambia kitana kimo mlangoni, baba. Na wallahi sikusema uongo. Kimo. Ndicho kilichoushika.

Akashusha pumzi. Akasema pengine kimekwama mahali, akaupigapiga mlango kwa kiganja kama unavyomwamsha mtu aliyelala. Kliniki walimwambia jicho moja limebaki na mwanga kidogo. Hakuonekana kusikitika kwa hilo. Njia nzima ya kurudi alikuwa anasikiliza.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu alitaka kitana. Nikamwambia nilivyokikata. Nilingoja anifokee. Hakufoka. Aliuliza meno yako wapi, nikasema nilifagia. Akaenda kukaa kitandani akanipa mgongo.

Siku za mwizi arobaini. Zangu hazikufika hata wiki.

Jioni akaniambia mambo mawili tu. La kwanza, Jumanne baba anakuja, nimweleze mwenyewe, kwa mdomo wangu. Atakasirika, kisha atanyamaza, kisha tutampa vile vipande avitie kwenye leso yake. Gari likienda kwa mwanyumba na liende. La pili, mpaka baba ajue, nisiuguse mlango ule. Vipande vile ndivyo vilivyobaki vya mama yake.

Nimeapa. Safari hii nimeapa kwa moyo. Ana haki kabisa, na mimi nimechoka na ujanja wangu mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nimepita sokoni, kununua vitunguu tu. Njiani kulikuwa na mama anauza vitana.

Vyeusi! Mpini mnene! Huo si ununuzi, ni ishara. Nimekata meno mawili, nimekisugua kwa mchanga kizeeke. Nikawaza: kwa nini tumuumize mzee wa watu? Macho yake yamefifia, sikio lake ndilo linalongoja, kesho anapanda gari, shimo la kwanza, kwa! Anajibu: kesho, mama watoto. Machozi yalinitoka kwa wema wangu. Nikaona kabisa kwamba kusema ukweli kungekuwa ukatili.

Mke wangu alikuwa jikoni na mdogo wake. Leo wamekuja kututembelea, yeye na mwanyumba. Nikajaribu kukipitisha kwenye mwanya wa kioo, kikagoma, mpini umezidi unene. Nikachukua kisu. Taratibu, kwa heshima, nikautegua ukingo wa kava.

Tak.

Tak, tak, tak. Vipande vyote vya mama mkwe. Vingine vimekuwa unga, nimevikusanya kwenye kiganja, sijui nivitie wapi. Nilikaa chini pale pale nikaona aibu, aibu kweli, mpaka masikio yakawa ya moto. Kisha nikatumbukiza kitana kipya, nikatikisa mlango kusikia. Kinagonga vizuri sana. Vizuri kuliko cha zamani.

Tatizo ni kava. Halina cha kulishika. Muuza spea alisema kesho, lakini baba anakuja kesho asubuhi na mapema, na yule kijana wa spea namjua, duka hafungui mapema.

Mwanyumba ameshiba, amelala sebuleni, anakoroma. Gari lake liko nje chini ya dirisha langu. La ukoo mmoja na letu. Klipu bado changa, haziwezi kuvunjika.

Kisu kiko mkononi bado. Natoka mara moja tu.