Wageni 214 wa Kiwanja Namba 17

Kiwanja namba 17,
Kambi ya Karavani ya Otterfield,
London.

Jumanne, 16 Septemba 2025

Kwa Bwana Balbir, Msimamizi wa Kambi,

YAH: ADA YA WAGENI AMBAO NI SISI WENYEWE

Kiwanja namba 17 kilipokea wageni 214 kati ya tarehe 1 Mei na 31 Agosti. Hayo alinieleza jana kwa simu Bi. Gladness, anayejibu kengele ya geti ofisini kwako, na nilipomwomba akanisomea hesabu mara ya pili. Kwa pauni tatu kila mgeni, bili yangu ya nyongeza ni pauni 642. Barua iliyokuja na bili inasema jambo hili lisipomalizwa kufikia tarehe 30 Septemba, kiwanja atapewa mtu mwingine msimu ujao.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa wewe ni mtoto wa Kisumu, na kwa kuwa barua yangu ya Kiingereza ilijibiwa na kompyuta.

Sikatai kwamba tunapata wageni. Nimewahesabu: walikuwa 39, na pauni zao 117 ziko tayari. Nabishania wale 175 waliobaki. Hao, isipokuwa mzee mmoja nitakayemtaja, ni familia yangu: mimi, mke wangu Laurette, watoto wetu Exaucé na Miradie, na mama yangu mzazi, Mama Sidonie. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mgeni wetu akiondoka tunamsindikiza. Geti likishajifunga nyuma yetu halifunguki bila kadi, na hakuna mtu anayebeba kadi kwenda kuaga. Tunabonyeza kengele. Kanuni ya nane inasema asiye na kadi ni mgeni, naye Gladness anafuata kanuni, kwa hiyo tunaandikwa wageni watano. Watu waliotoka kwa dakika tisa, mmoja wao amevaa kandambili na ameshika mwiko, si wageni. Wali wao uko jikoni unaungua.

2. Kompyuta yako imeshauri tuagane mlangoni. Ushauri huo tuliupata nyumbani kabla yake. Exaucé, ambaye ana miaka kumi na mitano na hujibu kila kitu kwa Kiingereza, alipendekeza tupunge mkono tu kutoka kwenye ngazi ya karavani, hiyo nyumba yetu ya magurudumu. Bibi yake alimtazama mpaka akaenda kuvaa viatu.

3. Tarehe 2 Agosti Mzee Aristote alitoka Thamesmead kutuletea kilo mbili za mchele. Hilo ni ingizo moja, sawa. Saa kumi na dakika ishirini tulimsindikiza hadi kituo cha basi. Alisema, "Rudini sasa, inatosha." Mama akajibu, "Tunarudi, tangulia." Tukaendelea naye. Basi halikuja, mvua ikaja, tukarudi naye kunywa chai: wageni sita. Mvua ilipokatika tukamsindikiza upya na kurudi bila yeye: wageni watano. Mzee mmoja aliyekuja mara moja ameandikwa kuwa watu kumi na wawili, na mchele wake umetugharimu pauni 36.

4. Nasikitika kulitaja hili. Tarehe 19 Julai ulifika kwetu wewe mwenyewe kukagua bomba la maji. Ulikunywa vikombe viwili vya chai, ukala mandazi manne, ukasema, "Mama, haya ni kama ya Kisumu." Tulikusindikiza wanne hadi ofisini kwako, ambako ni nje ya geti. Uliingia, ukakaa, ukatupungia mkono kupitia dirishani, nasi tukabonyeza kengele. Pauni 12. Sijui kama kuna msimamizi mwingine London ambaye wapangaji wake hutozwa kwa kumrudisha kazini salama.

5. Tuseme kanuni ya nane iko sawa, na mimi niliporudi kwangu nilikuwa mgeni. Mke wangu alikuwa mgeni, na watoto vilevile. Basi nani alikuwa mwenyeji? Kwa rekodi zako mwenyewe, zipo jioni ambazo kiwanja namba 17 hakikuwa na mkaaji hata mmoja, kilikuwa na wageni watano wakila wali ulioungua. Mgeni halipi kodi ya msimu. Naomba unirudishie pauni 2,900 nilizolipa mwezi wa Machi, nami nitakukatia humo 642 zako bila kinyongo.

6. Hili la mwisho sitalitia chumvi. Msimu wa kambi ukiisha tunarudi nyumbani kwetu Edmonton, ghorofa ya saba. Kati ya Januari na Aprili lifti ilifanya kazi siku 41. Katika miezi hiyo minne Mama alishuka chini mara kumi na sita, zote kwenda kanisani. Hapa kambini, mimi nikiwa kazini, anatoka mwenyewe kwa miguu yake. Ukimpa mtu mwingine kiwanja hiki, Mei ijayo Mama atakuwa ghorofa ya saba akitazama juu ya paa za watu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, ufute wageni 175. Pili, ung'oe ile kengele, uweke mashine inayosoma sura na kufungua geti yenyewe, pasiwe na haja ya mtu kukaa ofisini kuuliza nani yuko nje.

Msalimie mkeo, Bi. Balwinder, na umwambie miche ya dania aliyotupa imeshika vizuri. Msalimie Gladness, fundi wa bomba, na yule bwana wa kiwanja namba 18 ambaye hajawahi kupata mgeni na bado anaitikia salamu.

Ni mimi mpangaji wako, au mgeni wako, kadiri rekodi zitakavyoonyesha,

Philippe

Tanbihi: Nimemsomea Mama barua hii kabla ya kufunga bahasha. Anasema hesabu yangu ina kosa. Kadi anayo, imo kwenye pochi yake tangu Mei. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili 18 ambazo Gladness hayuko zamu, hutoka peke yake, husubiri geti lijifunge, kisha hubonyeza kengele. Gladness humwamkia, humuuliza amelalaje na magoti yanaendeleaje, halafu humwandika. Nilimuuliza Mama kama alijua kwamba inalipiwa. Alisema, "Gladness aliniambia siku ya kwanza. Nikamwambia, andika tu, mwanangu, Philippe atalipa."

Siku 123 ukitoa 18 ni 105, yaani pauni 315. Nitazileta. Nitaleta pia 210 za kusindikiza, kwa sababu Mama anaona aibu mtoto wake kugombania gharama ya kumtoa mgeni. Habari ya kodi ya msimu uisahau. Mashine usiinunue, na kengele naomba isiguswe.

Kikao chetu cha kuzungumzia bili hii, Jumamosi tarehe 27, ulikipanga saa tano asubuhi. Mama anakuja, na anaomba kianze saa nne, kwa kuwa siku hiyo Gladness anamaliza zamu saa tano.