Malengo Yangu Yalivyosomwa Kwenye Jubilei ya Babu na Bibi

Jamani, aibu niliyoipata leo sijui hata pa kuiweka. Nimeona niwaandikie mwenyewe kabla hamjaipata kwa wengine, maana kutoka Kilema hadi Moshi mjini habari huteremka haraka kuliko maji ya mfereji. Niko intaneti kafe. Shati bado linanuka moshi wa jikoni. Vumilieni makosa, naandika haraka.

Mnanijua. Ni mimi Deo, mwalimu wa Kiswahili, yule anayewatangazia kila Januari kwamba anaandika riwaya. (Sijaiandika. Ina jina tu. Lakini jina ni zuri sana!)

Mwaka jana siku kama hizi, ukoo ulikaa nyumbani kwa Babu na Bibi kule Kilema kupanga jubilei yao ya miaka hamsini ya ndoa. Kazi zikagawanywa. Baba mkubwa akapewa ng'ombe. Shangazi Eufrasia, dada yake baba, akapewa supu ya mtori na ndizi zote. Huyu shangazi anauza ndizi soko la Kiboriloni, na shule aliishia darasa la nne. Ilipofika zamu ya risala ya maisha ya wazee, vichwa vyote vikanigeukia.

"Mwandishi wa ukoo si huyu hapa?" Babu akasema.

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu (wa uongo, moyoni nilikuwa naruka). Kisha nikawapa somo la uandishi ambalo hakuna aliyeliomba. Nikawaambia kuandika ni nidhamu. Nikawaambia ukurasa mmoja tu kila wiki unatosha, mwaka ukiisha una kitabu mkononi.

Mwaka ukaisha. Mkononi sina kitu.

Jubilei yenyewe ndiyo leo. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikawasha chemli, nikakaa mezani kwa Bibi na karatasi nyeupe. Nikaandika RISALA. Nikapiga mstari chini yake. Mstari ukapinda, nikachukua karatasi nyingine. Hapo ndipo shetani wa waandishi akaninong'oneza: Deo, tatizo lako si risala, tatizo lako ni mipango. Mwaka ni mpya. Mtu makini huanza na malengo.

Nikaandika malengo. Saba! Kwa kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Sijawahi kuandika kwa raha namna ile. Nilipomaliza la saba, kengele ya misa ikalia.

Nikajipa moyo. Risala nitaitoa kichwani, babu ni wangu, bibi ni wangu, nitakosaje maneno? Nikatia ile karatasi ya malengo ndani ya faili ili nionekane nina kitu, nikaenda kanisani. Kila mtu aliyeniona na faili alinipa mkono. "Shikamoo" zangu zote zilijibiwa kwa heshima ya ziada. Bibi, ndani ya gauni lake jipya la kitenge, akanishika shavu na kusema, "Marahaba mjukuu wangu. Usiku sikulala, nasubiri kukusikia."

(Nilitamani mgomba uniangukie.)

Baada ya misa tukarudi nyumbani. Turubai limefungwa kati ya migomba, watu wamejaa, pombe ya mbege inazunguka, kwaya ya kigango imeimba mpaka Babu akainuka kucheza. Mshereheshaji alikuwa Mzee Kasiani, katekista mstaafu. Sauti yake haihitaji kipaza sauti, lakini leo alikuwa nacho.

"Sasa tunamwita mjukuu, mwalimu, mwandishi wetu!"

Makofi. Vigelegele. Nikasimama. Nikafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka.

Nikakohoa. Nikasema, "Babu na Bibi..." Macho ya Bibi yalikuwa yamenikazia kama mtoto anayesubiri pipi. Mzee Kasiani akanionea huruma.

"Waandishi ndivyo walivyo," akawaambia watu. "Wana haya. Lete hapa, nitakusomea."

"Hapana, Mzee, ngoja kwanza..."

"Lete, mwanangu, usiogope!"

Akalichomoa faili kwapani mwangu. Akavaa miwani. Na mzee yule, jamani, ni msomaji wa masomo kanisani kwa miaka mingi. Haruki hata nukta.

"Lengo la kwanza," akanguruma. "Kuacha uvivu!"

Makofi! Watu walidhani ni maisha ya Babu. Bibi akatikisa kichwa, akamwambia jirani yake, "Hilo alichelewa kulitimiza."

"Lengo la pili. Kuamka alfajiri kila siku, na si kuamka tu, bali kutoka kitandani!"

Kicheko kidogo. Makofi machache. Nilivuta mkono wa koti lake. Akanisukuma kwa upole, kama anavyosukumwa mtoto anayecheza karibu na altare.

"Lengo la tatu. Kupunguza kuzungumzia riwaya yangu mpaka niwe na riwaya."

Hapo watu wa pembeni wakaanza kutazamana. Babu, ambaye masikio yake si mazuri, akapaza sauti:

"Kasiani! Mbona mpaka sasa sijazaliwa?"

Mzee Kasiani akaivuta karatasi karibu na pua. Nadhani alikwisha kuelewa, lakini ulimi ulikuwa umezoea kufika mwisho wa somo.

"Lengo la nne. Kuandika risala ya jubilei ya Babu na Bibi. Mabano, wino mwekundu: bado, tafadhali iwe leo."

Babu akamwuliza Bibi, "Amesemaje?" Na Bibi, mbele ya watu wote wale, akamjibu polepole, "Amesema bado." Hakuwa na hasira. Alikuwa tu ameshusha macho kwenye gauni lake jipya, analinyoosha ingawa halikuwa na kunjo. Watu wangenizomea ningevumilia. Lile gauni ndilo lililonimaliza.

Ndipo Shangazi Eufrasia akatokea jikoni. Mwiko bado anao. Akanifikia, akanong'ona, "Deo, nishikie." Nikashika mwiko (mwandishi wa ukoo!), yeye akaingia ndani, akatoka na madaftari manne ya shule, yamefungwa jalada la karatasi ya mfuko wa saruji.

"Samahanini," akasema. "Haya niliyaandika ili nimsaidie Deo. Nilingoja aje aniulize. Naona alibanwa na kazi."

Nilibanwa na kazi! Hivyo ndivyo alivyonisitiri.

Kumbe lile somo langu la mwaka jana, mtu mmoja alilisikiliza. Kila Jumapili baada ya misa, mwaka mzima, amekuwa akikaa na wazazi wake, anauliza swali moja, anaandika ukurasa mmoja kwa penseli. Wiki ya malaria aliandika nusu. Hakumtangazia mtu yeyote.

Akaanza kusoma. Taratibu, kidole kinafuata mstari.

"Mama alikuja kuolewa siku ya mvua. Alibeba kifaranga ndani ya nguo ili kisilowe. Baba alipomwona alicheka. Mama aliona mtu anayecheka hivi nitaishi naye."

Bibi akainua macho.

"Kahawa ilipokosa bei, Baba alichukua shoka akate mikahawa yote. Mama alikwenda akakaa chini ya mkahawa wa kwanza. Hakusema neno. Baba alirudisha shoka. Hawakuzungumza siku tatu. Siku ya nne Mama alimpelekea uji shambani."

"Zilikuwa mbili!" Babu akadakia. Hili alilisikia vizuri kabisa.

"Tatu!" Bibi akasema, na machozi yanamtiririka, na anacheka. Akaushika mkono wa Babu, hakuuachia mpaka mwisho.

Jamani, mimi nimesomea Kiswahili chuoni. Nafundisha watoto wa watu mtindo na tamathali. Pale chini ya turubai, mwiko mkononi, nilimsikia mwandishi kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu. Watu wazima walilia. Mzee Kasiani alivua miwani akaifuta mara tatu. Na nitawaambia ukweli: katikati ya aibu ile nilijikuta ninajivuna, eti yule ni shangazi yangu.

Baada ya chakula nilimfuata jikoni kuomba radhi. Akanikatiza.

"Acha hayo. Wewe ndiye mwalimu, nisahihishie Kiswahili. Ila maneno ya Mama usiyaguse."

Nikakaa kwenye kigoda, penseli mkononi, nikapitia kurasa kumi. Nilipata mahali pamoja tu, nikatia koma. Shangazi akausoma ule mstari kwa sauti. Akausoma tena. Kisha akalamba kidole, akaifuta koma yangu.

"Mama hapumziki hapo," akasema.

Ukweli ni kwamba hapumziki hapo.

Anayetaka kucheka na acheke leo, mwisho saa mbili usiku. Funzo mwaka huu ni moja tu: ukitoa ushauri, chunga sana, kuna watu wanaufuata.