Siku Mreno Alipokataa Kushindwa Maskati

Kwa fahari isiyo kifani, mwaka 1968 Idara ya Ushindi wa Zamani iliwatangazia wakaazi wa Maskati kwamba Mreno atapigwa tena. Tulimpiga mara ya kwanza zaidi ya karne tatu nyuma, na tangu siku ile ufalme wake wa baharini ukawa kama kofia iliyofumuka: kila ukigusa, uzi unatoka. Mimi Suud, mkurugenzi wa Idara, niliagiza vita vile virudiwe mbele ya mgeni rasmi, mkubwa wangu serikalini.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyekubali kuwa Mreno. Nikawakumbuka jamaa waliotoka Unguja baada ya mapinduzi, wamejazana Matrah, bandari ya jirani, wakingojea ruhusa ya kukaa nchini. Nikamwita msemaji wao, Bi Bakhita, aliyeacha nyumba ya ghorofa kule na sasa akilala ghala la tende na mama yake mgonjwa.

"Sisi tuwe Wareno? Baba yangu kazaliwa Bustan, hapa hapa Maskati!"

"Kiutaratibu, bibi, mmekuja kwa meli na mnasema lugha ngeni."

"Si ndiyo hii unayosema na mimi?"

"Mimi naisema kikazi."

Kweli nami nilizaliwa Unguja, lakini nilitangulia kuja, kwa hiyo ni mwenyeji.

Nikamfahamisha sera: atakayeshindwa vizuri atafikiriwa, atakayegoma atarudishwa melini.

"Haya. Ila nna ombi. Watu wangu wakingoja kupigwa, wapike."

Nikaidhinisha.

Siku ya vita Wareno wangu waliingia na masufuria katika ngome ya kale ya Mreno. Kwa sababu za kiusalama niliamuru lango lifungwe kwa ndani, Mreno asije akakimbia kabla hajashindwa. Jeshi letu likabaki nje juani, likisubiri hotuba yangu imalizike.

Nilikuwa bado kwenye utangulizi harufu ya pilau ilipovuka ukuta. Askari wa mbele, Aflah, akanusa, akalaza bunduki, akabisha hodi.

"Nani?" Bi Bakhita akauliza kutoka juu.

"Mateka!"

"Karibu, mwanangu. Kanawe mikono."

Nilikumbusha kwamba mshindi kusalimu amri hakumo katika ratiba. Nilipofika hitimisho, jeshi zima lilikuwa limetekwa, na mgeni rasmi kasimama ukutani karibu na Bi Bakhita, anatafuna paja la kuku.

"Bwana Suud," akasema Bi Bakhita, "kabla hujaingia, mwambie mkubwa wako. Sisi nani?"

Nilitazama jua. Nilitazama nyuma, nikaona punda tu.

"Wenyeji."

"Hatusikii!"

"Wenyeji wa nchi hii!"

Mgeni rasmi akatikisa kichwa kukubali, mdomo umejaa. Wiki ile ile familia zote zikapata ruhusa, na mama yake Bi Bakhita akapata kitanda hospitali.

Mwaka uliofuata tulitangaza vita tena. Mji mzima ukajiandikisha Ureno. Upande wa ushindi nilikuwa peke yangu, nikaizingira ngome kwa kufuata taratibu zote, na nilipotekwa hatimaye nikakuta umebaki ukoko.