Gari Linalozima Mbele ya Geti la Castory

Jumapili, 14 Septemba 2025

Limezima tena! Mchana kweupe, kwenye mlima wa Mwanga, mbele ya geti la Castory. Kila mara palepale. Castory ni kaka yake mke wangu. Ana gari jipya lenye kiyoyozi na roho ndogo kama dagaa. Akatoka na kiti cha plastiki, akaketi kivulini, akauliza kama shemeji nimekuja kumsalimia au ni gari tu limeamua kuja. Majirani wakaangua kicheko. Nikacheka pia, shingo upande.

Jumamosi Esther wangu anaolewa. Ibada saa nane mchana, kanisani mjini Kigoma. Castory anataka kumpeleka yeye, eti mjomba ana haki yake. Thubutu! Mwanangu atatoka hapa Ujiji ndani ya gari la baba yake. Kuukuu, ndiyo. Lakini sina kingine kikubwa cha kumpa.

Jumatatu, 15 Septemba

Uchunguzi umeanza. Nimefunua boneti. Plagi safi. Betri nzima. Kabureta inanuka petroli. Kwenye chujio la mafuta, mapovu matupu. Alfajiri nimeendesha hadi geti la Castory: mlima limepanda bila hata kukohoa. Mchana, jua la utosi, nimerudia. Limekufa palepale!

Tofauti ni nini? Nimewaza mpaka kichwa kikaniuma. Jibu likaja lenyewe. Alfajiri Castory amelala. Mchana yuko macho. Mambo yako wazi.

Jumatano, 17 Septemba

Nimekwenda na Esther ajionee. Limezima mbele yake. Akasema ni joto tu: paipu ya mafuta imepita karibu mno na egzosi, petroli inachemka na kugeuka mvuke kabla haijafika kwenye kabureta, na pampu inabaki kuvuta hewa. Akalowesha kitambaa kwa maji ya kunywa, akakizungushia pampu. Tukasubiri kidogo. Gari likawaka.

Nikamuuliza kama hakuona kwamba Castory ameingia ndani kula muda uleule. Akaniangalia sana. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, tena kwenye gari hilihili, na leo ananifundisha yeye!

Njiani akasema gari si shida yake, hata bajaji itamfikisha. Anachotaka ni kitu kimoja: nimshike mkono mimi, baba yake, kutoka mlango wa kanisa hadi mbele kwa mumewe. Nikamwambia hilo halina mjadala. Lakini kwanza tufike.

Ijumaa, 19 Septemba

Esther kamleta fundi Leodgar asogeze paipu. Nimemrudisha alikotoka. Paipu imekaa hapo tangu gari liliponunuliwa, leo ndiyo iwe na kosa?

Nina mpango. Mtamu! Nimempigia Castory kwa sauti ya asali, nikamwomba kesho mchana akampokee shangazi Révérienne pale Kibirizi, anakuja kwa boti kutoka Mwamgongo. Kakubali bila swali. Kumbe shangazi kafika jana, yuko jikoni kwetu anachambua mchele! Castory atakodolea macho ziwa, sisi tunapita kwake salama. Mke wangu Melania akaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikasema nalinda familia.

Jumamosi, 20 Septemba

Limezima. Palepale. Na Castory hayupo!

Esther alikuwa kiti cha nyuma na shela lake, poda inatiririka na jasho. Melania akaomba maji aimwagie pampu. Nikamkataza, asiguse kitu mpaka nijue nani yuko ndani kwa Castory. Nikazunguka nyuma ya nyumba kuhakikisha. Nilikuwa nachungulia dirisha la stoo niliposikia mlio wa bajaji. Niliporudi barabarani, gari tupu. Mke na binti wamekwenda.

Gari likapoa. Likawaka lenyewe, kwa dharau. Nikaenda nalo peke yangu, maua juu ya boneti, riboni zinapepea. Wanawake wa Mwanga wakanipigia vigelegele wakidhani bibi harusi yumo. Nikawapungia mkono. Ningefanya nini?

Nilipofika walishaingia. Castory alichoka kusubiri boti, akaja kanisani moja kwa moja. Ndiye aliyemshika mkono. Mwanangu! Mimi nikasimama nyuma karibu na mlango, mikono imejaa grisi. Esther aligeuka kuniangalia, kisha akatazama mbele. Imeniuma. Inaniuma hadi sasa.

Jumapili, 21 Septemba

Esther kapiga simu. Kesho anaondoka na mumewe kwa treni kwenda Tabora. Castory atawapitia mchana kuwapeleka stesheni. Anaomba nipande nao, nikae naye nyuma, tuzungumze njiani, maana jana hatukupata hata nafasi ya kusalimiana. Alisema kwa upole sana. Nilikaribia kukubali.

Kisha nikashtuka. Nikae kiti cha nyuma kwa Castory, kama mzigo? Nimemwambia nitawafuata na gari langu. Akasema sawa, baba.

Nimeshajaza mafuta hadi mdomoni. Kesho Castory atakuwa mbele yangu safari nzima, mikono yote miwili kwenye usukani. Sasa tuone atalizimaje!