Toleo Jipya la Cherehani

Jamaa mmoja aliitwa Asali kwa utamu wa ulimi wake. Siku moja, akiwa kwa kinyozi, alimsikia Mama Ukumbi, mwenye ukumbi wa dansi, akilalamika kwamba mpinzani wake humtangulia kwa kila toleo jipya la dramu na besi. Ni muziki wa ngoma za mbio na besi ya kutikisa meno; vijana huuita jungle, majirani huuita janga.

Masikio ya Asali yakasimama. Mbio mpaka kwa shangazi yake, fundi cherehani.

"Shangazi, shona upesi!"

"Nishone nini?"

"Chochote, mradi mashine ilie."

Akairekodi kwa simu, akaitia besi nzito, akaijaza kwenye flashi. Kesho yake alikuwa ofisini kwa Mama Ukumbi, miwani nyeusi usoni.

"Mtunzi ni mtu wa kujificha, mama. Hana simu, hapigwi picha. Nakala ni hii tu."

Mama Ukumbi akasikiliza, bega likimcheza. "Hatakuja kunidai haki zake?"

"Huyo? Mhesabu kama hayupo." Hapo, Mungu amsamehe, Asali alisema kweli. Akatia saini kwamba haki zote zimeuzwa, hata mwangwi, akaondoka na bahasha ya fedha, kifua mbele.

Ijumaa ukumbi nusura uanguke. Wiki haikuisha, wimbo ukawa kwenye redio, madukani, hadi kwenye simu ya kinyozi. Asali, bahasha imeshatafunwa, alirudi ofisini jasho likimtoka.

"Mama, mtunzi ni mimi!"

"Si ulisema hana simu? Yako hiyo inaita."

"Nilidanganya!"

"Basi nitajuaje kama sasa hudanganyi?"

"Nina shahidi! Shangazi yangu..."

"Yupo chumba cha pili," alisema Mama Ukumbi. "Magauni yangu yote kashona yeye. Ningeachaje kuitambua cherehani ile, inavyokwamakwama? Nilikusikiliza tu, nikasema moyoni: acha mtoto auze."

Mlango ukafunguka. Shangazi alikuwa kwenye cherehani yake mbele ya maikrofoni, kavaa visikilizio vikubwa kama vikombe, mkataba mpya umelala pembeni.

"Shangazi! Hata wewe?"

"Punguza sauti, mwanangu, tunarekodi toleo la pili. Shika mkasi huo. Nikikukonyeza, kata; mlio wake nao unaingia."

Asali akaushika. Shangazi akakanyaga pedali, akakonyeza. Asali akakata, na haki ya mtu usimnyime, alikata sawasawa na mpigo.