Kidole cha Asilimia Mia

Pii! Pii! Pii! Mlango wa ofisi ulikuwa bado umefungwa niliposikia milio hiyo kutoka upande wa pili, mamia kwa mamia, nikajua siku kuu imefika. Hata mashine zilikuwa zinashangilia.

Basi natangaza rasmi, kwa niaba ya Idara ya Karatasi Ndogo za Mpakani, tawi la Kamembe: kuanzia leo kompyuta yetu haifanyi tena kazi kimyakimya.

Nieleze kwanza aibu tuliyokuwa nayo. Ciza, fundi wetu, alikuwa ameandika programu ya vibali vya kuvusha mizigo: kioo cheusi, herufi nyeupe, hakuna picha. Unaandika jina na mzigo, sekunde mbili, karatasi inatoka. Bila neno! Wafanyabiashara wa Bukavu walichukua vibali vyao wakaenda zao, wasijue kwamba wamehudumiwa. Mkurugenzi wetu, Mzee Mutabazi, aliumia sana.

"Kazi isiyoonekana," alisema, "muntu atajuaje kama ni kazi?"

Ndipo Ciza akaagizwa kuweka chini ya kioo mstari wa hali, ujumbe unaobadilika kadiri kazi inavyosonga: nasoma jina, nakagua mzigo, asilimia arobaini. Nami Byiringiro, niliyejifunza ushairi peke yangu bila kumsumbua mwalimu yeyote, nikateuliwa Msimamizi wa Ujumbe wa Hali. Wito wa namna hiyo haukataliwi.

Kamati ilikaa wiki tatu, ikatoa kanuni tatu. Ya kwanza: kila ujumbe ukae dakika tano, ili hata asomaye polepole auheshimu. Ya pili: ujumbe usifutwe.

"Lakini Mzee, mstari huu unajifuta na kujiandika palepale," Ciza alijaribu. "Ndiyo kazi yake."

"Neno la ofisi halijifuti. Kila ujumbe na mstari wake."

Ya tatu: kazi ikifika asilimia tisini na tisa, mashine isimame, Mkurugenzi mwenyewe aje abonyeze kitufe kwa kidole chake. Mia ni namba ya wakubwa.

Nilipofungua mlango, milio haikuwa ya mashine. Ilikuwa ya vifaranga mia mbili vya siku moja, katika makatoni manne, na kando yake alisimama Maman Bernadette wa Bukavu, aliyeingizwa na Ciza kwa mlango wa nyuma, na aliyevinunua Mururu, upande wetu wa mpaka, alfajiri. Lazima vivuke kabla jua halijawa kali, la sivyo vinakufa kwa joto. Kwa heshima ya uzinduzi nilimwandikisha wa kwanza, saa mbili kamili. Kwenye kioo kikubwa cha ukutani ukajitokeza ujumbe wangu:

*Tulia mama tulia, kazi yako yatendeka,*
*Mashine yakimbilia, mlangoni utafika.*

"Iko naandika nini pale?" Maman Bernadette aliuliza.

"Shairi, Maman. Ujumbe wa hali."

"Miye niliomba kibali."

Jumbe kumi na mbili zilipita kwa utulivu. Saa tatu tukafika tisini na tisa. Mzee Mutabazi alikuwa hotelini akinywa chai na Madamu Uwera, mkaguzi aliyekuja kuiona mashine yetu. Ikafika saa nne.

"Papa Byiringiro, hii namba ilishakufa?"

"Haijafa, Maman. Inangoja."

"Inangoja nani?"

"Kumtaja hakukupitishwa na kamati."

Alifungua katoni moja. Kifaranga kimoja kilikuwa kimelala ubavu, mdomo wazi. Akakitia kiganjani, akakipulizia.

"Kama kibali haitoke," alisema, "vifaranga, bo batatoka."

Akayainamisha makatoni yote. Vifaranga vikasambaa chini ya meza, juu ya mafaili. Kimoja kilipita kwenye wino wa muhuri, kikaidhinisha karatasi ya kanuni ya kwanza kwa miguu yote miwili.

"Ciza!" nilipiga kelele. "Programu yako inajua inangoja nani?"

"Inajua tangu saa tatu. Ni nyinyi mulikataa iseme."

Nilikitazama kile kifaranga kiganjani. Mimi, ambaye sijawahi kuruhusu mkono wa mtu uguse beti zangu, nikasema: "Ondoa shairi langu, na dakika tano zake. Acha iseme."

Ciza alibadilisha mstari mmoja, akaiwasha programu pale ilipoishia. Ukutani kukaandikwa: *Kibali kiko tayari. Nangoja kidole cha Mkurugenzi: saa 1, dakika 12, sekunde 8.* Kisha sekunde 9. Kisha 10. Na kwa kuwa ujumbe haufutwi, kila sekunde ilipata mstari wake chini ya mwenzake, mpaka ukuta mzima ukawa kidole cha Mkurugenzi.

Mlango ukafunguliwa.

"Na hapa, Madamu, ndipo utaona uwazi wa..." Mzee Mutabazi aliuona ukuta. Kifaranga kilipita juu ya kiatu chake.

Madamu Uwera alivaa miwani, akasoma kwa sauti. Alisoma mistari minane.

"Futa hiyo!"

"Mzee, kanuni ya pili," Ciza alijibu kwa adabu.

"Basi zima!"

"Isizimwe," alisema Madamu Uwera. "Miaka yote ninakagua ofisi. Hii ndiyo ripoti ya kwanza niliyoielewa."

Maman Bernadette hakungoja ripoti. Alimshika Mkurugenzi mkono, akakitazama kidole, bado kinang'aa mafuta ya omleti.

"Ni kenyewe hiki? Papa, nilizania iko kizito."

Akakibonyeza kwenye kitufe. Asilimia mia. Karatasi ikatoka, na kiganjani mwake kifaranga kikainua kichwa.

Madamu Uwera aliamua palepale: kanuni ya tatu ibaki, kwa kuwa Mkurugenzi aliipenda, na ujumbe ubaki kama ulivyo. Ila kiti cha Mkurugenzi kihamishiwe hapa, chini ya kioo.

Tulikusanya vifaranga. Cha mwisho kilijificha nyuma ya kabati, na aliyekitoa, kwa magoti, ni Mzee Mutabazi. Alimkabidhi mwenye vifaranga, vumbi kwenye tai.

"Maman Bernadette," alisema, mbele yetu sote, "nakuahidi. Kesho saa mbili kamili utanikuta hapa nimeketi, na kidole kimeshanawa."