Tukio Lililopanda Hadi kwa Bi Mwanamkisi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nadra amekuja ofisini. Huja Jumatatu tu. Siku nyingine hufanya kazi kwao Shela. Basi wiki yangu ina siku moja, zilizobaki ni za kungoja. Ameingia na harufu ya asumini, akanisalimu, akakaa dirishani. Nikasahau nilichokuwa nikiandika.

Habari mbaya! Bi Kagendo, mkubwa wetu, mtu wa Meru asiyejua kunong'ona, amesema huenda Nadra akaomba likizo kabla ya Ramadhani. Kisa? Kina Muhdhar wamepeleka posa. Muhdhar wa barafu! Anauzia hoteli za Shela barafu, anajiita mwekezaji. Bi Mwanamkisi, shangazi yake Nadra aliyemlea, atatoa jibu Ijumaa. Na mimi je? Miaka miwili nampenda na sijafungua mdomo.

Lazima nipange kitu.

Jumanne, 4 Februari

Mpango upo! Programu tunayotengeneza ni ya wageni kuweka nafasi za vyumba na boti. Kila sehemu ya ukurasa tunaiita kijenzi. Kijenzi cha vyumba ni cha Nadra, cha boti ni changu. Vimekaa ubavu kwa ubavu mchana kutwa. Vina bahati kuliko mwenye kuviandika. Ukurasa mkuu unaovibeba ni wa Bi Kagendo. Sheria ni hii: kijenzi hakisemi na jirani yake moja kwa moja. Kinatoa tukio, lenye jina lake na ujumbe ndani. Ukurasa mkuu unalisikia, nao ndio unaolishusha kwa jirani. Nadra ndiye aliyenifundisha hayo. Nilielewa mara ya kwanza. Nikasema sijaelewa, ili arudie.

Basi ndani ya tukio la boti nimetia maneno yangu: “Nadra, usimkubali Muhdhar. Nipo mimi. Swafwan.” Akifungua kijenzi chake kukijaribu, atayaona yeye peke yake. Nimwombe Bi Kagendo alipitishe? Thubutu! Mtu wa kati wa nini?

Jumatano, 5 Februari

Nimelitoa tukio asubuhi. Kimya. Nimelitoa tena. Kimya. Nimelitoa mpaka kidole kimeingia ganzi. Alasiri ndipo nimegundua: tukio la kujitungia halipandi juu mpaka uliruhusu. Hufia pale pale lilipozaliwa. Nimelionea huruma, maana hali hiyo naijua.

Nikampigia Nadra simu. Kisingizio: rangi ya tarehe zilizojaa. Akanijibu habari ya rangi. Sauti ile! Kisha akauliza kama kuna jingine nililotaka kumwambia. Akangoja. Nikawa nasikia kuku wa kwao. Nikasema hakuna. Hakuna! Wallahi sijui ulimi huu nilipewa wa kulia wali tu?

Alhamisi, 6 Februari

Nimeliruhusu lipande. Limepanda! Limepanda mno. Kwa Nadra halikupita hata kidogo, kwa kuwa jirani hayupo kwenye njia ya kwenda juu. Limefika kileleni kabisa, ambako Bi Kagendo ameweka sikio linalodaka kila ujumbe na kuuanika kwenye utepe wa matangazo wa wenye nyumba za wageni. Wote! Saa tatu asubuhi Shela nzima ilikuwa imesoma. Mwenye hoteli mmoja ameandika kuuliza kama “Nipo Mimi” ni boti mpya na inabeba watu wangapi.

Bi Kagendo amenifokea kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kimeru. Amesema ningemwambia tu, angelishusha kwa Nadra kwa mstari mmoja. Muhdhar naye ameniletea gunia la barafu ofisini, na salamu kwamba ni la kupoza kichwa. Limeyeyukia viatu vyangu. Hasidi mkubwa!

Kisha Bi Mwanamkisi akapiga simu. Nilisimama kumwamkia, kana kwamba ananiona. Hakunikemea. Alisema ameusoma ujumbe wangu kwa miwani na bila miwani. Nadra alipoonyeshwa alicheka, halafu akaacha kucheka, akaomba kina Muhdhar wasijibiwe kesho. Ameomba! Kwa ajili yangu! Jibu limesogezwa hadi Jumapili, Magharibi. Nilete wazee wangu kabla ya hapo. “Ndia ya nyumba yangu waiyua,” akaniambia, akakata. Njia hiyo naijua kuliko ya kwetu.

Nimetembea mpaka Shela na kurudi, bila shughuli yoyote huko. Nimeona dirisha lake. Limefungwa, lakini ni lake.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya swala nimeshika simu nimpigie Ami Amini kule Pate. Ndiye mzee wa kunipelekea posa. Akiambiwa leo, kesho maji yakijaa anapanda boti na wenzake. Simu moja tu. Lakini nikafikiri. Ami huanza na tumbaku ya shamba lake, akamaliza na jinsi nilivyolia siku ya jando. Aniharibie? Isitoshe, kilichomgusa Nadra ni maneno yangu mwenyewe, si ya Ami. Nikairudisha simu mfukoni.

Nina mpango bora! Nitatia kitufe ndani ya kijenzi chake. Akikibonyeza, tukio litaniletea jibu lake. Bi Kagendo alipokwenda kunywa chai, nimetega sikio langu kwenye ukurasa wake mkuu. Mchana wote nimeutumia kuchagua rangi.

Jumamosi, 8 Februari

Kitufe kipo. Kijani. Kimeandikwa “Nipo pia”. Nasikiliza. Nimezima hata feni, ingawa tukio halina sauti.

Bi Kagendo amesema Nadra anauliza kama wazee wangu wameshaondoka Pate. Nikamwambia amwambie abonyeze kitufe. Akasema hata kwao Meru mtu hupeleka wazee. Nikamweleza kwamba dunia imesonga mbele.

Kitufe hakijabonyezwa. Anaona haya, bila shaka.

Jumapili, 9 Februari

Adhuhuri tukio limeingia! Nikaruka kitini. Kumbe si la kitufe. Limetoka kijenzi cha Nadra, likapita kwa Bi Kagendo, likashuka kwangu safi kabisa, bila kosa hata moja. Ombi la boti: kutoka Pate hadi Shela, leo, ifike kabla ya Magharibi. Abiria: wazee wanne. Majina: hakuna.

Wazee gani wasio na majina? Nikajua Nadra anaijaribu kazi yake, maskini, hata Jumapili hapumziki. Nimelirudisha na alama nyekundu: halijakamilika. Kazi ni kazi. Mara likaja tena, lile lile, wazee wanne, bila majina. Nikalirudisha. La tatu halikuja.

Nikaendelea kukingoja kitufe. Namtaka Nadra kuliko chochote. Nilikuwa tayari kumpa kila kitu, abonyeze tu.

Baada ya Magharibi Bi Kagendo amenipigia. Kina Muhdhar wamejibiwa. Wamekubaliwa. Kisha akanong'ona, jambo ambalo sijawahi kumsikia akilifanya. Akaniuliza kwa nini niliirudisha boti ya Pate. Nikamwambia haikuwa na majina ya abiria. Akasema nilale, kesho tutazungumza.

Nimelia, sifichi. Nikanawa uso, nikafungua kompyuta nitafute kosa liko wapi. Nimelipata! Kitufe kilikuwa kidogo mno. Sasa hivi nakikuza.